Anayelala Nchi Kavu



Katika muda wa mwezi mmoja nimeulizwa na watu watatu swali lile lile: mtumbwi wa uvuvi unauzwa shilingi ngapi siku hizi? Wa kwanza ni mwalimu aliyestaafu, ambaye mafao yake yametoka na wanawe kila mmoja anamshauri jambo lake. Wa pili ni kijana aliyerudi kutoka machimbo ya Geita na akiba kidogo mfukoni. Wa tatu ni mama muuza dagaa, aliyechoka kungoja alfajiri ufukweni kwa heri ya chombo cha mtu mwingine. Wote walinijia mimi kwa kuwa wanajua kwamba nyumbani kwetu Ukerewe upo mtumbwi, na kwamba daftari la mahesabu yake limo mikononi mwangu.

Jibu langu halikuwapendeza. Niliwaambia kwamba bei ya kununua ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili, kwa maana hulipwa mara moja na mtu akapumua. Mtumbwi hudai kila mwezi. Asiyeulipa madai yake kwa fedha, utajilipa wenyewe kwa njia nyingine, na mara nyingi anayelipishwa huwa si yule aliyeununua. Kwa kuwa maelezo ya njiani huwa mafupi, nimeona afadhali niyaandike hapa kwa kirefu.

Marehemu baba alinunua mtumbwi wake wa kwanza miaka ile ya themanini, wakati sangara walipoanza kuvuliwa kwa wingi katika Ziwa Victoria na watu wakadhani neema ile haina mwisho. Sangara hakuwa mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa katika miaka ya hamsini, akakaa kimya kwa muda, kisha akaongezeka kwa kasi iliyowashangaza hata waliomleta. Baba alivua sangara kwa nyavu za makila, na baadaye, sangara walipopungua, akageukia dagaa, kama walivyofanya wengi. Alifariki mwaka 2011. Alituachia nyumba, ng'ombe wachache, na mtumbwi wa futi 28 wenye mashine ya nguvu farasi 15. Tangu hapo sisi watoto watatu, yaani dada yetu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume, tunaitwa matajiri.

Neno hilo linahitaji maelezo kwa msomaji asiyekaa karibu na ziwa. Mialoni, "tajiri" si lazima awe na mali nyingi. Ni jina la mwenye chombo, hata kama chombo chenyewe kinavuja na mwenyewe anadaiwa dukani. Wavuvi wanaokwenda majini husema "tajiri wetu" kama vile mtumishi wa ofisini anavyosema "mkuu wetu". Na tajiri, karibu siku zote, hulala nchi kavu. Dada yetu hajapata kupanda mtumbwi huo usiku hata mara moja. Mimi nimeupanda mara tatu, na mara zote tatu nilitamani kukuche upesi.

Sasa nianze na mbao, kwa kuwa ndiko mambo yanakoanzia. Watu wa pwani hudhani kwamba chombo cha maji baridi hakina matabu. Ni kweli kwamba ziwani hatuna yule mdudu wa baharini atoboaye mbao hadi zikawa kama sega la nyuki, ambaye kwa ajili yake wenzetu hupaka shahamu na chokaa chini ya vyombo vyao. Lakini chumvi, pamoja na ubaya wake wote kwa chuma, huzuia mbao isioze. Maji ya bahari yakibaki ndani ya jahazi, ubao huvumilia. Maji ya mvua yakituama ndani ya mtumbwi wa ziwani, katika zile pembe ambapo mataruma hukutana na mkuku, uozo huanza kimyakimya kutoka ndani. Kwa nje rangi ni nzima na namba ya usajili inasomeka vizuri. Ukichomeka ncha ya kisu, huzama kama imechomwa kwenye muhogo uliopikwa.

Ndiyo sababu baba alikuwa na desturi ya kupiga magoti ndani ya mtumbwi na kuchokoa kwa kisu pale pasipoonekana. Kwa dawa alikuwa na mbili tu: kata ya kuchotea maji, ambayo ilipaswa kutumika kila baada ya mvua hata kama mtumbwi hauendi popote, na hewa. Alikataza kabisa nyavu zilizolowa zisilundikwe chini kwa siku mbili. Lakini pia alikataza mtumbwi usikae juani ufukweni kwa majuma mengi, kwa kuwa mbao hukauka, hujikunja na kuachana, na siku unaporudishwa majini maji huingia kila mahali mpaka mbao zinywe na kuvimba tena. Hapo tena, palipo na mchanga mkavu mchwa hawako mbali. Kwa hiyo chombo hakitaki kuoza majini wala kukauka nchi kavu, na mwenye chombo anaishi kati ya hofu hizo mbili.

Kalenda ya kazi hiyo tumepewa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, na taa yako haina cha kuwavuta. Siku hizo za mbalamwezi wavuvi hupumzika, wengine huenda kwao, na mialo hupoa. Tajiri mwenye akili hajui mapumziko hayo. Hizo ndizo siku zake za kazi: mtumbwi huvutwa juu, hulazwa ubavu, na fundi huitwa.

Fundi wetu ni mzee ambaye alimtengenezea baba, na sasa hatuna ujasiri wa kumpinga katika neno lolote. Ukifika na kumwamkia shikamoo, ataitikia marahaba bila kuinua macho. Hupitisha kidole katika kila ungo wa mbao, huondoa pamba iliyooza, huisokota pamba mpya (ile ile inayolimwa Kanda ya Ziwa na kuuzwa kwa kilo), na kuishindilia kwa patasi na nyundo ndogo. Mlio wake hubadilika kadiri pamba inavyokaza, naye husikiliza zaidi ya anavyotazama. Juu ya pamba hupigilia utepe wa bati uliokatwa kutoka kwenye debe, kwa misumari midogo iliyokaribiana, kisha rangi au lami. Kazi hiyo kwa mtumbwi wetu huchukua siku tatu hadi nne. Kijana akimharakisha, mzee huweka nyundo chini na kuomba chai.

Hapa nikumbushe jambo moja ambalo limenisaidia kuupenda ufundi huu wa viraka. Mwanzoni mwa mwaka 1986, ukame ulipokuwa umeshusha maji ya Ziwa Galilaya, ndugu wawili wavuvi kutoka Ginosar waliona mabaki ya mtumbwi wa kale yakichomoza kwenye tope. Ziwa hilo, ambalo Injili huliita pia bahari, ni la maji baridi kama letu. Mtumbwi ule ulipimwa na kuonekana kuwa wa karne ile ya kwanza ambamo Petro na Andrea walivua. Urefu wake ni zaidi ya mita 8, na upana wake mita 2 na ushei. Hakuna awezaye kusema ulikuwa wa nani. Kilichowashangaza wataalamu ni mbao zake: mierezi na mialoni kwa sehemu kubwa, lakini ndani yake walihesabu aina zaidi ya kumi za miti, na baadhi ya vipande vilikuwa vimekwisha kutumika katika chombo kingine kabla ya kuwekwa pale. Ulitengenezwa, ukarudiwa, ukatiwa kiraka juu ya kiraka, na mwishowe ulipochoka kabisa, vile vipande vilivyofaa viling'olewa vikatumike kwingine, na gofu likaachwa lizame. Nilipomsimulia fundi wetu habari hiyo, aliuliza swali moja tu: "Huyo fundi alitumia misumari ya nini?" Nilimwambia ni ya chuma, na kwamba mbao zenyewe ziliungwa kwa ndimi na vigingi. Alitikisa kichwa kwa heshima.

Baada ya mbao huja mashine, na hapa vijana hunisikiliza vizuri zaidi. Mashine ya nje ya mtumbwi ni kitu kinyenyekevu kikitunzwa, na ni mwuaji kikipuuzwa, maana huchagua kuzima mbali. Aina tuliyo nayo hunywa petroli iliyochanganywa na oili, lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Anayebana oili ili aweke akiba ya elfu chache ataulipa mchanganyiko huo kwa pistoni. Maji ya kupoza mashine huvutwa kutoka ziwani kwa kigurudumu kidogo cha mpira. Mchanga wa ufukweni hukila, na magugu maji huziba mdomo wake. Ndiyo maana nahodha, kila anapowasha, hutazama kwanza ule mchirizi wa maji utokao ubavuni mwa mashine. Ukikatika, anazima papo hapo, hata kama wenzake wanamsukuma waondoke. Ndani ya kisanduku lazima kuwe na plagi za akiba, spana, kamba ya kuwashia, na kile kijipini cha rafadha, ambayo vijana huiita propela. Pini hiyo imeundwa ikatike pale rafadha inapogonga mwamba, ili mashine isiumie. Haina thamani kubwa, na nimeona watu wakipiga makasia usiku kucha kwa kuikosa.

Juu ya taa sitakaa sana. Zamani tulitumia karabai, na mafuta ya taa yalikula nusu ya faida. Siku hizi wengi wanatumia taa za umeme wa betri zinazochajiwa kwa jua, zikielea juu ya vyelezo vyake. Zimetuondolea moshi na moto ndani ya chombo, nami ninashukuru. Wavu wa dagaa nao una sheria yake, kwamba tundu lisipungue kipimo kilichowekwa, na mwenye kununua wavu wa bei rahisi bila kupima atakuja kuuona ukiteketezwa mbele ya macho yake.

Nimefikia sasa mahali penye uzito.

Kwetu mapato hugawanywa hivi. Kwanza huondolewa gharama za usiku ule: petroli, oili, chakula, ushuru. Kinachobaki hukatwa sehemu mbili. Sehemu moja huenda kwa wavuvi wanne, na nahodha huongezewa kidogo. Sehemu ya pili huitwa fungu la chombo. Sikilizeni jina lake vizuri: fungu la chombo. Wazee waliolipa jina hilo hawakuliita fungu la tajiri. Waliona kwamba mtumbwi nao ni mvuvi mmojawapo, una njaa yake na magonjwa yake, na fungu lake ni lake kabla ya kuwa la mtu ye yote. Lakini kwa kuwa mtumbwi hauna mkono wa kupokea, tajiri hupokea kwa niaba yake, na hapo ndipo jaribu linapoingia. Ada ya shule ya mtoto ni kweli. Bati la nyumba ni kweli. Harusi ya binamu ni kweli. Ungo wa mbao unaoanza kuachana hausemi kitu.

Mwaka 2017 tulikaa sisi watatu kuamua matumizi ya akiba iliyokuwa imepatikana baada ya msimu mzuri. Mdogo wetu alitaka mashine ya nguvu farasi 40. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: atakayefika kwanza mwaloni alfajiri huuza kwa bei nzuri, na mashine kubwa hukimbia dhoruba. Nahodha, ambaye tulimwita aseme naye, aliomba mambo mawili: mbao mbili za chini zibadilishwe, na yanunuliwe majaketi ya kuokolea maisha, kwa maana yaliyokuwapo yalikuwa mawili, tena sifongo yake imeoza. Dada, ambaye ni mwenye kikao kwa haki ya kuzaliwa, aliuliza kama majaketi hayo yasingekatwa katika fungu la wavuvi, kwa kuwa wao ndio wanaoyavaa.

Nilikuwa upande wa nahodha tangu mwanzo, na nilieleza kwa nini. Wataalamu wa hali ya hewa wanatuambia jambo ambalo wavuvi walilijua bila vyombo. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, upepo huvuma kutoka majini, na mvua hunyesha bara. Usiku nchi hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake, na pepo kutoka pande zote huteremka kukutana juu ya maji. Hewa hupanda, mawingu hujengeka, na dhoruba kali za Ziwa Victoria hupenda kuja kati ya usiku wa manane na asubuhi. Ni saa zile zile ambazo mvuvi wa dagaa yuko mbali, taa zake zimewaka, wavu uko chini. Mwenye chombo yuko kitandani anasikiliza mvua juu ya bati, na akiwa mtu mwema huamka na kusali. Basi kama ni yeye aliyechagua mbao, mashine, na wavu, kwa nini jaketi liwe la mwingine?

Dada alinijibu kwa upole, "Mdogo wangu, wewe unaandika daftari tu, ada za watoto ninalipa mimi." Ilikuwa kweli. Tuliachana jioni ile bila kuafikiana.

Majuma mawili baadaye, mtumbwi mmoja wa mwalo wa jirani ulikwenda na watu wanne, wakarudi wawili. Sitaeleza zaidi, kwa kuwa familia zao ziko hai na zinasoma. Nitasema tu kwamba mashine yake ilikuwa mpya.

Dada alinipigia simu mwenyewe. Hakutaja kikao. Aliuliza majaketi matano yatagharimu kiasi gani. Nilimwuliza kwa nini matano, akasema kwamba mara nyingi huwamo kijana mmoja wa ziada anayejifunza kazi, na hakuna anayemhesabu. Tuliyanunua, na mbao mbili zikabadilishwa katika mbalamwezi iliyofuata. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa mchana kweupe, nchi kavu ikionekana. Kisiwa chetu kilizika siku nyingi mfululizo. Tangu hapo sijasikia mtu wa nyumbani kwetu akibishana juu ya bei ya jaketi.

Hata hivyo nisiwafiche kwamba kununua hakumalizi jambo. Jaketi nene humzuia mvuvi kuvuta wavu, naye hulivua na kulikalia kama mto. Mialo mingine tajiri huyafungia stoo yasiibwe, yakatolewa siku ya ukaguzi, yakarudishwa yakiwa bado yananukia plastiki. Kwetu nahodha aliweka sharti lake: wakati wa kwenda na kurudi, na wakati wowote radi inapoonekana, kila mtu amevaa, wakati wa kuvuta wavu pekee, linaweza kuwa pembeni, limefunguliwa, mahali mkono unapofika. Sharti hilo si kamilifu. Linafuatwa, na mimi nathamini sharti linalofuatwa kuliko lililobandikwa ukutani. Mdogo wetu naye alipewa kazi ya kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila jioni na kumpigia nahodha. Alianza kwa kununa kidogo. Sasa hukasirika nahodha asipopokea.

Katika daftari tumeandika, na sote watatu tumetia sahihi, kwamba theluthi ya fungu la chombo haiguswi kwa ajili ya jambo lolote la nyumbani, hata msiba. Hilo la msiba lilitusumbua sana, nalo limejaribiwa mara moja; tulikopa kwingine. Mashine kubwa ilikuja mwaka 2020, iliyokwisha kutumika, nayo inafanya kazi vizuri.

Kwa hiyo ninyi watatu mlioniuliza: mwalimu, ukinunua kwa mafao yako yote bila kubakiza ya mbalamwezi ya kwanza, utakuwa umenunua deni. Kijana wa Geita, tafuta kwanza nahodha, kisha mtumbwi. Si kinyume chake. Mama, wewe nadhani utafanikiwa, kwa kuwa umekwisha kuwaona alfajiri wakirudi, na unajua majina yao. Mkiweza, njooni Ukerewe kati ya siku ya kumi na mbili na ya kumi na nane ya mwezi mwandamo, mtaukuta wetu umelazwa ubavu. Safari hii ni ubao wa tatu kutoka mkuku, upande wa kushoto. Mbao za mvule zimekuwa adimu na ghali, na fundi amekataa mbili tulizomletea kwa sababu hazijakauka sawasawa. Amezipigapiga kwa vidole, akasikiliza, akasema tusubiri. Giza litaanza baada ya siku tano, wavuvi wanapiga simu wakiuliza, nasi tunasubiri.